Kuingiza kompyuta mtandaoni kwa bando la simu

Nyumba ambayo haijafikiwa na nyaya za intaneti, iwe Nzuguni au Iyumbu mjini Dodoma, au kijijini Bahi, inaweza kuingiza kompyuta mtandaoni kwa simu ya kawaida yenye 4G. Hakuna cha kununua zaidi ya bando na waya mzuri wa USB. Anayeomba mkopo HESLB, mzabuni anayepakia nyaraka kwenye NeST, anayejaza maombi kwenye Ajira Portal au kuwasilisha ritani TRA, wote wanaweza kumaliza shughuli hiyo nyumbani bila kupanga foleni steshenari.

Kuunganisha ni kazi ya dakika mbili. Linalowashinda wengi huja baada ya hapo: bando la GB 2 linakwisha kabla fomu haijafika ukurasa wa pili. Simu imetengenezwa kwa kujua kwamba data inanunuliwa, kompyuta haijui. Ikishaona mtandao, hudhani ni wa ofisini usio na kikomo, na papo hapo huanza kushusha masasisho, kulinganisha mafaili na hifadhi za mtandaoni na kuhuisha kila programu iliyomo. Ndiyo maana sehemu nzito ya maelezo haya inahusu kuibana kompyuta.

Bando lenyewe

Kabla ya kugusa waya, jua umenunua nini. Bando la mitandao ya kijamii hufungua zile programu zilizotajwa tu. Ukiliunganisha na kompyuta, WhatsApp inaweza kufunguka huku tovuti nyingine zote zikigoma, ukadhani kompyuta ndiyo mbovu. Bando la usiku nalo lina saa zake. Unachohitaji ni bando la intaneti la matumizi yote. Kama laini yako imeruhusiwa kuendelea kukata salio la kawaida bando likiisha, izuie kwenye menyu ya vifurushi, kwa sababu kompyuta humaliza salio hilo kwa muda mfupi sana.

Makadirio ya kukusaidia kupanga ni haya. Kujaza fomu na kupakia vyeti vilivyoskaniwa hutumia makumi ya MB. Mkutano wa video wa watu wawili hula kati ya MB 500 na GB 1 kwa saa. Wa kikundi wenye picha safi unaweza kupita GB 1.5. Filamu ya ubora wa kawaida ni kama GB 1 kwa saa, ya ubora wa juu ni kama GB 3. Sasisho kubwa la Windows peke yake linaweza kufika GB 3 au zaidi. Kumbuka pia kwamba kasi hutajwa kwa megabiti na bando kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde hushusha MB 1.25 kila sekunde, hivyo GB 1 huondoka kwa dakika kama 14. Kwa hesabu hiyo, sasisho lililoanza kimya kimya wakati uko jikoni linatosha kumaliza bando la siku.

Waya wa USB

Kwa mtu aliyekaa mezani, tunashauri waya kabla ya njia nyingine yoyote. Unachaji simu wakati huo huo, hausumbuliwi na Wi-Fi za majirani, hakuna mtu mwingine anayeweza kuingia, na unafanya kazi hata kwenye kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi kabisa.

Kosa la kwanza huwa kwenye waya wenyewe. Waya kamili wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Kuna nyaya za bei ya chini zenye zile mbili za umeme tu. Zinachaji vizuri, lakini kompyuta haitaiona simu hata ukifanya nini. Ukichomeka na simu ikaonyesha inachaji bila kutoa arifa yoyote ya USB au ya kuhamisha mafaili, badilisha waya kwanza, usianze kuvuruga mipangilio.

Kwa simu ya Android na kompyuta ya Windows:

1. Washa data ya simu, zima Wi-Fi ya simu, kisha fungua tovuti moja kwenye simu hiyo hiyo. Kama haifunguki hapo, haitafunguka kwenye kompyuta.
2. Chomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele mara nyingi yamelegea.
3. Kwenye simu ingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha sehemu ya mtandaopepe na kusambaza mtandao. Simu iliyo kwa Kiingereza huandika "Hotspot & tethering"; Samsung huiweka chini ya "Connections". Tecno, Infinix na nyinginezo hupanga menyu kwa namna zao, hivyo njia ya mkato ni kuandika "tethering" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio.
4. Washa swichi ya kusambaza mtandao kupitia USB. Hubaki ya kijivu mpaka waya wa data uwe umechomekwa pande zote mbili.
5. Subiri nusu dakika. Windows hujiwekea yenyewe kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuitambua simu, na mtandao huonekana kama "Ethernet". Usiutafute kwenye orodha ya Wi-Fi.

Ukichomoa waya swichi hujizima, na ukichomeka tena lazima uiwashe upya.

Ubuntu na Linux nyingine hazihitaji chochote cha kuongeza. Mtandao huja kama muunganisho wa waya. Kompyuta ya Mac haizitambui simu nyingi za Android kwa waya, kwa hiyo hapo tumia Wi-Fi. iPhone kwenye Windows huhitaji kwanza iTunes au programu ya Apple Devices ili kiendeshi kiwepo. Kisha fungua kufuli ya simu na ukubali swali la kuiamini kompyuta.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: simu ya Android iliyo kwenye Wi-Fi hupitisha Wi-Fi hiyo kwenye waya. Mwanafunzi wa UDOM au Chuo cha Mipango mwenye kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya Wi-Fi anaweza kuunganisha simu na Wi-Fi anayoruhusiwa kuitumia, akachomeka waya, na simu ikawa ndiyo kadi yake. Hapo bando haliguswi.

Hotspoti

Njia hii ni nzuri kama vifaa ni zaidi ya kimoja, au kama simu inapata mtandao dirishani na meza iko ndani. Ingia kwenye ukurasa ule ule wa kusambaza mtandao, chagua mtandaopepe wa Wi-Fi, weka jina lisilokutambulisha, chagua usalama wa WPA2 au WPA3, na nywila isiyopungua herufi 8. Namba yako ya simu usiifanye nywila. Kila anayekufahamu anayo. Kompyuta ya zamani ikishindwa kuingia kwenye WPA3, rudi WPA2.

Chini kidogo kuna uchaguzi wa bendi. Bendi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali. Ile ya 5 ina kasi zaidi lakini huchoka haraka ikikutana na ukuta wa tofali. Laptopu za zamani zina 2.4 peke yake, kwa hiyo hotspoti ikiwa kwenye 5 hazitaliona hata jina lake. Kwenye hosteli ambako kila chumba kimewasha hotspoti, 2.4 hujaa mno, na hapo 5 ndiyo inayopumua, mradi simu na kompyuta ziwe chumba kimoja. Kwenye iPhone 12 na za baadaye, swichi ya "Maximize Compatibility" ndiyo inayoishusha hotspoti kwenye 2.4. Ubaki kwenye ukurasa wa "Personal Hotspot" mpaka kompyuta iingie, kwa sababu ukitoka mapema jina hupotea.

Simu nyingi huzima hotspoti zenyewe zikikaa dakika kadhaa bila kifaa kilichounganishwa. Kama kompyuta yako hulala mara kwa mara, zima mpangilio huo kwenye simu. Ukimaliza kazi, zima hotspoti kwa mkono.

Bluetooth nayo hupitisha intaneti, ila kasi yake haizidi megabiti 2 hivi kwa sekunde. Inatosha barua pepe, na hutumia chaji kidogo kuliko Wi-Fi. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Kuibana kompyuta

Fanya haya mara tu muunganisho wa kwanza unapokubali, kabla hujafungua kivinjari.

Kwenye Windows 10 na 11, ingia "Settings", "Network & internet", bonyeza mtandao uliounganishwa, na uwashe "Metered connection"; Windows 10 huandika "Set as metered connection". Swichi hiyo huiambia kompyuta kwamba data inalipiwa, na masasisho mengi husimama yakisubiri. Tatizo ni kwamba Windows hukumbuka mpangilio huu kwa kila mtandao peke yake. Uliowekea hotspoti ya Wi-Fi hauhusu waya wa USB, na simu nyingi zikichomekwa upya huonekana kama mtandao mwingine kabisa, "Network 2", "Network 3" na kuendelea. Anayetumia waya aitazame swichi hii kila anapochomeka.

Kwa sababu hiyo usiitegemee yenyewe tu. Ingia "Windows Update" na usimamishe masasisho. Windows huruhusu hadi wiki tano. Kisha tafuta "Delivery Optimization" na uzime ruhusa ya kubadilishana masasisho na kompyuta nyingine, maana ikiwekwa kuhusisha kompyuta za mtandaoni, yako inaweza kuwapakia wageni masasisho kwa bando lako. Usisimamishe masasisho daima: ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Ipeleke laptopu kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi mara moja kwa mwezi, uyaruhusu, uache imalize, kisha uyasimamishe tena.

Baada ya Windows, tazama ikoni ndogo zilizo pembeni mwa saa. OneDrive, Google Drive na Dropbox zote zina kitufe cha kusimamisha kulinganisha mafaili. OneDrive huchukua folda ya picha na ya nyaraka bila kishindo, na mtu aliyehamisha picha za harusi kutoka kwenye kamera anaweza kukuta GB nzima zinapanda angani. Vizinduzi vya michezo ya kompyuta vifunge kabisa. Kwenye YouTube chagua 360p au 480p kwa mkono na uzime kujiendesha kwa video inayofuata.

Kujua nani anakula, fungua "Data usage" ndani ya mipangilio ya mtandao ya Windows. Huorodhesha programu moja moja pamoja na MB zake. Humo humo unaweza kuweka kikomo ili kompyuta ikuonye. Kwenye Mac, washa "Low Data Mode" ndani ya maelezo ya Wi-Fi. Kwenye Linux yenye NetworkManager, amri ni: nmcli connection modify "jina la mtandao" connection.metered yes. Nayo ni kwa mtandao huo tu, na si kila programu huitii.

Usipime kasi kila saa. Kipimo kimoja kwenye 4G nzuri hula makumi ya MB, wakati mwingine zaidi ya 100.

Simu ikae wapi

Kasi ya kompyuta haiwezi kupita kasi ambayo simu inaipata kwenye mnara. Nyumba nyingi za Dodoma zina paa la bati, na bati hurudisha mawimbi. Ukiongeza kuta za tofali na nondo za madirisha, chumba cha katikati huwa ndicho kibaya kuliko vyote. Vilima vya mawe vinavyozunguka mji navyo huweka kivuli: nyumba iliyo nyuma ya kilima upande wa Ntyuka inaweza kupata mtandao dhaifu ingawa mnara hauko mbali.

Usihukumu kwa vijiti vya juu ya skrini. Ingia "Kuhusu simu", kisha hali ya laini, usome nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kwa 4G, −90 au iliyo karibu zaidi na sifuri, kama −80, ni nzuri, −100 inavumilika, na ikifika −110 au −115 tarajia kukatika katika mkutano wa video. Zunguka na simu nyumbani, simama kila dirisha kwa nusu dakika, na uchague pale namba inapokuwa bora. Mita mbili hubadili mambo sana. Kutoka hapo tumia waya mrefu, ambao kwa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5, au hotspoti.

Simu inayorukaruka kati ya 4G na 3G, kama inavyotokea pembezoni mwa Chamwino au njiani kuelekea Kongwa, hukata kila inaporuka. Kama mipangilio ya mtandao wa simu inaruhusu 4G pekee, chagua hiyo wakati wa kazi, ukijua kwamba simu isiyo na VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha wito wa sauti kwenye 4G, haitapokea wito wa kawaida kwa muda huo. Abiria wa treni ya SGR kuelekea Dar es Salaam asisubiri mahandaki ya upande wa Kilosa ndipo abonyeze kitufe cha kuwasilisha fomu.

Kupakia huwa kwa kasi ndogo kuliko kushusha, na ndiko watu wanakokwama siku ya mwisho. Skani vyeti kwa nukta 150 hadi 200 kwa inchi, rangi ya kijivu, na faili la MB 8 linaweza kushuka chini ya MB 1 bila maandishi kupotea. Soma kwanza kikomo cha ukubwa kilichoandikwa kwenye mfumo unaopakia.

Wito wa simu na joto

Mkutano ukikatika kila unapopigiwa, tazama VoLTE. Simu au laini isiyo nayo hushuka 3G au 2G ili kupokea sauti. Kwenye 3G data inapungua kasi. Kwenye 2G kwa kawaida husimama kabisa. Simu ya laini mbili nayo, wito ukiingia laini ya pili, aghalabu husitisha data ya laini ya kwanza. Washa VoLTE kama mtandao wako na simu yako vinaikubali, au elekeza wito kwenye simu ndogo ya vitufe, na hii ya intaneti iache ifanye kazi moja.

Kisha joto. Kusambaza mtandao huku simu inachaji huipasha sana, na mchana wa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, Dodoma hupita nyuzi 30 kivulini. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45. Simu nyingi husimamisha chaji zenyewe na kupunguza kasi. Vua kava, iweke simu juu ya sakafu ya marumaru au meza ya mbao, mbali na tundu linalotoa hewa moto ya laptopu. Ikiwa dirishani, iwe upande usio na jua. Tundu la USB 2.0 hutoa nusu ampea tu, kwa hiyo usishangae chaji ikipanda taratibu au ikishuka kidogo wakati wa mkutano mrefu. Umeme ukikatika, laptopu itakuwa inailisha simu kutoka kwenye betri yake. Bora ubadili kwenda hotspoti na simu ichajiwe na pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 hutoa kama 6,000 tu zinazofika kwenye simu, kwa sababu ya upotevu wa kubadilisha volti.

Imeunganishwa lakini haifungui kitu

Kama simu ina intaneti na kompyuta haina, fuata mpangilio huu.

Tazama Kiokoa Data kwenye simu. Kikiwa kimewashwa, simu nyingi za Android hukataa kusambaza mtandao, na swichi huwa ya kijivu hata waya ukiwa mzima. Kiokoa betri nacho huweza kuzima hotspoti.

Tazama saa na tarehe ya kompyuta. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ubao mama, ile ya mviringo aina ya CR2032, imekufa, hurudi miaka nyuma kila umeme ukikatika. Vivinjari vitakwambia muunganisho si salama kwa kila tovuti. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri.

Kompyuta ya ofisini ina ugonjwa wake. Mtumishi anayerudi nayo kutoka Mtumba inaweza kuwa imewekewa seva ya wakala, ile ambayo mawasiliano yote ya ofisi hupitia, au anwani ya IP ya kudumu, yaani namba ya mtandaoni isiyobadilika. Kwa wakala, ingia "Proxy" ndani ya mipangilio ya mtandao, piga picha ya yaliyomo kwa simu, kisha uzime. Kwa anwani, rudisha IP na DNS kwenye "Automatic". Kama idara ya TEHAMA imefunga sehemu hizo, waombe wao, usilazimishe.

Kama vyote viko sawa, rudi kwenye simu, fungua mipangilio ya APN ya laini yako, yaani ile inayoiambia simu ipitie wapi kuingia intaneti. Kwenye sehemu ya aina ya APN utakuta maneno kama default,supl. Ongeza mkato na neno dun mwishoni, bila nafasi, hifadhi, kisha washa na kuzima hali ya ndege. Neno hilo huiruhusu simu kutumia APN hiyo kwa kompyuta iliyounganishwa. Sehemu ya itifaki iweke IPv4/IPv6 kama ilikuwa IPv6 peke yake. Simu ikikataa kuhariri APN iliyopo, tengeneza mpya kwa kunakili kila kitu kilichomo kwenye ile ya zamani.

Ikishindikana hata hapo, weka laini ya mtandao mwingine kwenye simu hiyo hiyo na ujaribu kwa bando dogo. Ikikubali, tatizo liko kwenye laini au bando la kwanza, na huduma kwa wateja ndio wa kuulizwa. Ikigoma, jaribu simu nyingine kwa waya ule ule kwenye kompyuta ile ile, na kwa majaribio hayo mawili utakuwa umejua kama kasoro iko kwenye laini, simu au kompyuta.